UZI: Nyumba ya ukingoni mwa maji Amu (Lamu) – kaione siku ya bamvua, saa nne asubuhi, kabla hujauliza bei

NahodhaWaAmu (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum, wanajamvi.

Kazi yangu ni boti. Mwaka wa 19 sasa nabeba watu kati ya Amu mjini, Shela, Mokowe, uwanja wa ndege ulio kisiwa jirani cha Manda, Matondoni na Kipungani. Katika abiria wangu wamo wanaokuja kutafuta nyumba au kiwanja kando ya maji: ndugu zetu wa Nairobi, watoto wa hapa walioko Ghuba, na wageni wa nje. Nawapeleka, nawangoja, nawarudisha. Nasikia yote wanayoambiwa na madalali. Na wengi wao hunipigia simu mwaka mmoja au miwili baadaye, sauti si ile ya siku ile.

Mwezi wa kwanza mwaka huu na mimi nimemaliza kununua nyumba yangu. Imenichukua miaka mitatu na machozi ya mke wangu. Nimeona niandike kwa urefu, maana kumweleza kila mtu peke yake kwa simu sitaweza, na mtu akidanganywa kwenye maji ninayoyajua mimi roho huniuma.

Kwanza maji yenyewe. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi hadi tatu na mwezi kumi na tano hadi kumi na saba, tuko kwenye bamvua, wakati maji hujaa na kupwa sana. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, yaani urefu wa dari ya chumba unachokaa sasa hivi. Yakifika maji mafu, wiki moja baadaye, saa hugeuka: asubuhi saa nne ndipo maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Sasa fikiria dalali anayekuletea mteja. Siku ya bamvua atakuambia, "Njooni alasiri, jua limepoa." Siku ya maji mafu atakuambia, "Njooni asubuhi mapema." Utafika, utakuta maji ya kibuluu yamegusa ukuta, boti inaegeshwa mlangoni, watoto wanaruka kutoka kwenye ngazi. Mimi niko kwenye usukani nanyamaza, kwa sababu nimekodiwa na dalali. Kunyamaza huko ndiko kulikonichosha.

Kuna familia moja niliwapeleka upande wa Manda unaotazamana na Shela. Baba, mama, mabinti wawili. Alasiri ya mwezi kumi na sita. Yule mama alilia kwa furaha, alisema tangu utotoni aliota kuamka na kuyaona maji. Walilipa. Waliporudi na mafundi, ilikuwa saa nne asubuhi ya bamvua iliyofuata. Boti yangu ilikwama tope hatua mia mbili na zaidi kutoka kwenye ukuta wao. Wakavua viatu, wakatembea kwenye tope lenye majani ya bahari na miiba, mafundi wamebeba saruji kichwani. Yule mama hakusema kitu njia nzima. Kiwanja chao ni kizuri, sikatai. Lakini wao walinunua nyumba ya boti, na boti yao hufika nyumbani kwa muda wa saa tano au sita tu mchana. Saa zilizobaki boti huelea mbali kwenye boya, na mtu akiugua usiku maji yamekupwa, hubebwa.

Kwa hiyo nenda mara mbili. Mara moja maji yamejaa ya bamvua, uone yanafika wapi kwenye ukuta na kama yanaingia uani. Mara ya pili saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo au ya kesho yake, usimame mlangoni uone chini kuna nini: mchanga, tope, mawe au mikoko. Usipande boti ya dalali. Kodi yako mwenyewe, na nahodha umwambie unataka nini, atakuonyesha.

Pili ni upepo. Watu wengi huja Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, bahari imetulia na anga ni safi. Wanapenda, wananunua. Hawajauona mwezi wa sita na wa saba. Kusi ikivuma, mawimbi ya bahari kuu huingia kwenye mdomo wa mlango-bahari, na nyumba za mwisho za Shela, zile zinazoelekea kwenye mchanga mrefu, hupata chumvi na mchanga kila siku. Amu mjini ni ndani zaidi, Manda inaikinga, kwa hiyo ukuta wa bandarini hupigwa kidogo. Sisemi Shela ni pabaya. Nasema kaa usiku mmoja hapo mwezi wa saba, ulale madirisha wazi, kisha uamue.

Hadithi ya nyumba yangu mimi nitaiandika chini, naona boti inaitwa.

BintiAmu_Doha

Shikamoo nahodha, na shukrani. Mimi ni muuguzi, niko Doha mwaka wa nane. Mimi na kaka zangu wawili tumechanga, tunaangalia kiwanja upande wa Manda. Tumetumiwa picha na video, zote maji yamejaa! Sikuwahi kulifikiria hilo, ingawa nimezaliwa mtaa wa Langoni hapo Amu. Tuliondoka nikiwa mdogo.

Dalali anasema hati ipo, "hadi majini". Kaka yangu mkubwa anataka tutume asilimia kumi wiki hii, maana kuna mteja mwingine. Nifanye nini?

WakiliWaPwani

Dada yangu, usitume kitu wiki hii. Mteja mwingine akitaka, achukue.

Hilo neno "hadi majini" ndilo la kuangalia. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna anayeweza kukuuzia. Hati yoyote halali inaishia juu ya mstari huo. Tena kanuni za upimaji zinasema ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa inapopimwa ufuoni, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 kutoka alama ya maji kujaa. Viwanja vya zamani vingine vina mpaka tofauti, kwa sababu hati za Pwani zina historia ndefu tangu sheria ya hati ya mwaka 1908, lakini ndiyo maana lazima upate ramani ya upimaji yenyewe, siyo picha ya hati kwenye simu.

Mchukue mpima ardhi aliyesajiliwa, umlipe wewe, azitafute bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja. Ukiambiwa bikoni "zimefunikwa na mchanga", mwambie azifukue. Nimeona kiwanja ambacho bikoni mbili za mbele ziko ndani ya maji. Mwenye kiwanja hakudanganya kuhusu ukubwa ulioandikwa. Bahari imekula, na karatasi haikujua.

Halafu fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi, kwenye ofisi ya ardhi: jina la mwenyewe, kama kuna zuio, kama kuna deni la benki. Kama ni ardhi iliyo chini ya sheria ya kudhibiti ardhi ya kilimo, ridhaa ya bodi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba usainiwe, vinginevyo mauzo hayo hubatilika. Kama muuzaji ana mke au mume na ndio makao yao, ridhaa ya mwenzi wake ni lazima, sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 iko wazi.

Gharama usizisahau: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini, 2 mashambani, nao ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 tarehe 1 Januari 2023, na tangu hapo nimeona wauzaji wakiomba bei iandikwe ndogo kwenye mkataba. Usikubali. Mtathmini wa serikali atatoa thamani yake, na siku ukiwa na kesi, mkataba ndio utakaosomwa.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa uko nje: kama mmoja wenu ameshakana uraia wa Kenya akachukua wa nchi nyingine, aseme mapema. Asiye raia hawezi kumiliki ila kwa muda wa kukodi usiozidi miaka 99.

BintiAmu_Doha

Sote bado ni raia. Nimemwambia kaka. Amenuna, lakini pesa haijaenda.

NahodhaWaAmu

Alhamdulillahi. Mwambie aninunie mimi.

Sasa yangu. Miaka mitatu iliyopita nilipata nyumba ya mawe mbele kabisa, Amu mjini, inayotazama bandari. Nyumba ya kale, daka lake, yaani kibaraza cha mlangoni, lina viti vya mawe pande mbili, vyumba vya msana na ndani vipo, zidaka (vishubaka vya ukutani) bado zipo na neru yake, plasta laini ya chokaa, haijaanguka. Babu yangu alikuwa akikaa kwenye daka hilo akingoja maji. Wauzaji walikuwa ndugu watatu, watu wa heshima, tunasali msikiti mmoja. Nililipa asilimia kumi, tukaandikiana, mashahidi wakasaini.

Mwezi wa pili baada ya hapo akatokea dada yao wa baba mmoja, kutoka Tanga. Hakujua kuwa nyumba inauzwa. Hakuna aliyemwambia. Na mjane wa marehemu, mama yake wa kambo, naye alikuwa na thumni yake, sehemu moja ya nane, ambayo haijatolewa. Mirathi haikuwa imegawanywa. Wale ndugu waliuza kitu ambacho sehemu yake si yao.

Yule dada alikuja kwangu nyumbani. Alikaa na mke wangu wakanywa chai. Akasema, "Mimi sikatai kuuza, nakataa kufutwa." Maneno hayo yaliniingia. Kesi ilikwenda kwa kadhi, na mimi nikajitoa. Pesa yangu ilirudi kidogo kidogo, miezi 14. Wale ndugu siwataji na sina chuki nao. Lakini injini niliyotaka kununua kwa pesa ile sikuinunua, na msimu mzima wa wageni nilifanya kazi na injini mbovu. Hapo ndipo mke wangu alipolia.

Kwa hiyo Amu, kabla ya hati, ulizia ukoo. Nani alizaa nani, nani yuko Unguja, nani yuko Maskati, nani alifariki akaacha watoto. Kina mama wa mtaa wanajua kuliko ofisi. Uulize pia kama nyumba ni wakfu. Wakfu hauuzwi, hata kama anayekuuzia anaishi humo miaka arobaini na funguo anazo. Na uulize kama ardhi chini ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Pwani yetu kuna nyumba ambazo ukuta ni wa mtu na udongo ni wa mwingine, na kila mwezi kuna kodi ya ardhi inayolipwa kwa ukoo fulani. Wenyeji tumezoea, mgeni hushtuka.

Nyumba niliyopata mwishowe haiko mbele. Iko safu ya pili, uchochoro mmoja nyuma ya bandari. Warithi wote saba walisaini, mmoja alisaini kwa ubalozi. Kutoka mlangoni hadi ngazi za gati ni hatua 61, nimezihesabu. Darini juu naliona shira, yaani tanga, la kila jahazi linaloingia. Boti yangu imefungwa mahali ambapo maji hayakauki hata bamvua ya mwezi wa tatu.

FundiChokaa

Nahodha umesema kweli kuhusu daka. Niongeze upande wa ukuta, maana mimi ndiye huitwa baadaye.

Nyumba ya kale ya Amu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta mnene, karibu nusu mita. Unanyonya unyevu na unautoa. Unapumua. Mtu akinunua nyumba ya kando ya bahari anakuta plasta ya chini imemenyuka, ina unga mweupe wa chumvi, anaona aibu, anaita fundi wa haraka anapaka saruji na rangi ya mafuta. Mwaka wa kwanza inapendeza. Maji ya chumvi yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na baada ya miaka michache yanatokea juu ya pale saruji ilipoishia. Nimebomoa saruji kwenye nyumba nyingi, na nyuma yake jiwe limekuwa kama sukari.

Kwa hiyo ukiona nyumba ya mawe imepakwa rangi mpya inayong'aa, kuta zote, wiki moja kabla ya kuuzwa, weka kiganja ukutani kimo cha goti. Kama ni baridi na imelowa, jua. Gonga kwa kiungo cha kidole. Plasta iliyoachana na ukuta hulia tupu.

Dari nazo. Boriti ni miti ya mikoko, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, boriti haivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi. Haziozi katikati, zinaoza vichwani, pale zinapoingia ukutani. Chukua bisibisi, udunge hapo. Ikizama, hesabu boriti zote za chumba hicho. Tena boriti si za kupatikana kirahisi kila wakati: mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti nchini, hapa kazi zilisimama miezi mingi.

Nyumba mpya za zege za Shela na Manda zina ugonjwa wao. Waliojenga kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa wameweka chumvi ndani ya zege. Nondo hula kutu, huvimba, zege hupasuka kwa mstari mrefu kufuata nondo. Ukiona ufa ulionyooka kama rula chini ya boriti ya zege au kwenye nguzo ya baraza, na umetoka rangi ya kahawia, hiyo si rangi ya kupaka tena.

Na kila tofali, kila mfuko, unakuja kwa mashua halafu kwa punda. Usipige hesabu za Mombasa.

MzeeWaMatondoni

Fundi kasema. Nami nasema la boti: ukinunua nyumba kwa ajili ya chombo, tazama pia pa kukipandisha. Kila chombo cha mbao kinataka kupandishwa ufuoni, kukwanguliwa, kuzibwa nyufa kwa kalafati na kupakwa mafuta ya deheni. Nyumba yenye ukuta wa bahari mbele, mrefu na wima, huna pa kukilaza. Utatuletea sisi mafundi wa vyombo Matondoni, karibu, lakini utalipa.

Malindi_Nyumbani

Salamu kutoka Malindi. Huku kwetu tatizo ni la kinyume, labda litamsaidia mtu anayelinganisha miji miwili.

Mto Sabaki unamwaga udongo baharini kaskazini ya mji, na mchanga huo unajaa kwenye ghuba yetu. Ufuo wa katikati ya mji umekua. Kuna nyumba ambazo wazee wanakumbuka zikiwa mbele kabisa, sasa kati yake na maji kuna uwanja mpana wa mchanga. Masika yakiwa makubwa bahari hubadilika rangi kuwa ya udongo kwa wiki nyingi, mgeni aliyenunua kwa picha ya maji ya kijani hushangaa. Kusini, kuelekea Casuarina na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968, maji ni safi zaidi, lakini ndani ya hifadhi huendi na chombo unavyotaka wala kutia nanga popote.

Swali langu kwa nahodha: maji ya kunywa Manda yako vipi? Nasikia watu wananunua tu, hawaulizi.

NahodhaWaAmu

Umeuliza swali ambalo nilitaka liulizwe.

Manda haina maji matamu ya kutosha. Takwa, mji wa kale ulio kisiwani humo, watu waliuhama katika karne ya 17, na wazee wetu husema visima viligeuka chumvi. Leo nyumba za Manda huishi kwa jabia, yaani birika la kuwekea maji ya mvua, kwa maji yanayovushwa kwa boti, au kwa mashine ya kutoa chumvi inayokula umeme. Ukiangalia nyumba, fungua mfuniko wa jabia. Uangalie nyufa, uulize linatosha miezi mingapi. Mwezi wa pili na wa tatu ndio mtihani.

Amu na Shela tunakunywa maji ya chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyonywa na mchanga, inakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya supu. Mtu akichimba kisima kirefu karibu na ufuo, akavuta kwa pampu kwa ajili ya bwawa la kuogelea, chumvi inapanda, na kisima cha jirani kinaharibika pamoja na chake. Mtu akijenga juu ya vile vilima, anakanyaga tangi la mji mzima. Kiwanja chochote kinachouzwa "juu ya mchanga, mandhari ya bahari pande mbili" nakuomba usikiguse. Nakuomba kwa dhati. Watoto wangu wanakunywa hayo maji.

Maendeleo_Kwanza

Nahodha, kwa heshima, naona unawatisha watu. Bandari mpya ya Lamu imeanza kazi tangu 2021. Bei zinapanda. Anayesubiri bamvua mbili na mirathi ya Tanga atakuta viwanja vimekwisha. Lamu inahitaji wawekezaji, vijana wapate kazi. Hata wewe boti yako inajazwa na hao hao.

NahodhaWaAmu

Nakuheshimu pia, na ni kweli, boti yangu inajazwa na hao. Ndiyo maana nataka wanunue wakae, wasinunue wakakimbia.

Habari za bandari tulizisikia tangu mapema, na watu walikimbilia ardhi upande wa bara. Mwaka 2014 Rais alifuta hati za makampuni 22, ekari karibu 500,000, hapa Lamu. Waliouziwa vipande kutokana na hati hizo, kwa haraka hiyohiyo unayoisema, waliachwa na karatasi. Mwaka 2018 mahakama kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hiyo. Maana yake mvuvi ana haki kwenye maji, hata bila hati.

Na hili ndilo lililobaki kwenye moyo wangu. Viwanja vingi vya mbele vimekaa juu ya mahali ambapo vyombo vimekuwa vikipanda tangu kabla ya sisi sote. Mnunuzi anaona ufuo mtupu. Hakuona kwa sababu alikuja alasiri, wavuvi wako baharini.

MamaSamaki_Shela

Ahsante nahodha kwa kulisema. Mimi nanunua samaki ufuoni, nakaanga, nauza. Miaka 26.

Pale tulipokuwa tukipokelea samaki, mtu alinunua akajenga ukuta. Si mtu mbaya, hutusalimu. Lakini njia ya kupita ilikuwa katikati ya kiwanja chake, haikuandikwa popote, tulipita tu, kama mama zetu walivyopita. Sasa tunazunguka. Maji yakijaa hatuna pa kupita kabisa, twangoja na ndoo kichwani mpaka yakupwe, na samaki hangoji.

Kama angekuja kuuliza kabla ya kujenga, tungemwonyesha upana wa njia. Ni upana wa punda mmoja mwenye mzigo. Hatukutaka zaidi.

WakiliWaPwani

Mama, hilo lingeweza kuandikwa kwenye hati kama haki ya njia, na bado linaweza, mwenye kiwanja akikubali. Kama huwasalimu nanyi mkamsalimu, mwendeeni na wazee na watu wa kamati ya wavuvi ya ufuo wenu. Nitawaandikia karatasi bila malipo. Nitumieni ujumbe.

Kwa wanunuzi: ukuta wa bahari, gati, kujaza kifusi, vyote hivyo vinahitaji tathmini ya mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, pamoja na kibali cha kaunti. Ndani ya mji wa kale, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, mnahitaji pia idhini ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya kugusa hata mlango. Na mikoko iliyo mbele ya kiwanja si yako. Ni msitu wa serikali. Kuifyeka ili uone maji ni kosa la jinai, na ukiifyeka, bahari huja kuchukua udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi yake. Ukimkuta muuzaji ameshaifyeka, waulize majirani ni lini.

MamaSamaki_Shela

Nimekutumia ujumbe mwanangu. Mungu akuzidishie.

BintiAmu_Doha

Nimesoma uzi huu kwa kaka zangu wote wawili kwa simu, neno kwa neno. Mkubwa amenyamaza muda mrefu kisha akauliza, "Kwani huyo nahodha anapatikana?" Mdogo anakuja likizo wiki ijayo. Dalali amekasirika, anasema bei itapanda. Tumemwambia sawa.

Nahodha, ukipata nafasi umchukue? Tutakulipa nauli yako kamili, si ya undugu.

NahodhaWaAmu

Nauli ya kawaida inatosha, mwanangu. Mwezi utakuwa kumi na sita siku ya Jumamosi. Aje gatini Amu saa mbili na nusu asubuhi, na viatu vya kulowa, bisibisi, na tochi ya kumulikia jabia. Mpima ardhi awe nasi. Saa nne maji yatakuwa yamekupwa kabisa, tutashuka mbali na tutatembea kwenye tope, asivae nguo nyeupe. Nitazihesabu hatua naye. Halafu tutangoja hapohapo mpaka saa kumi maji yarudi, nimebeba mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Wavuvi wakirudi jioni, tutawauliza wanapandisha wapi vyombo vyao.

Akishaona, nitaandika hapa alichokiona.